Niliandika Kwamba Wamekufa

Ipo siku moja ambayo sijawahi kuisimulia nikaimaliza bila kunyamaza katikati. Leo nitajaribu, mwanangu, kwa sababu nasikia kutoka kwa wazazi wako kwamba unajaza fomu za kwenda ng'ambo, na mimi nilijaza fomu kama hizo nikiwa na umri wako.

Tulikuwa tunaishi Kaloleni, hapa Kisumu, kwenye nyumba za manispaa. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini. Mama alikuwa wa kwenda na kurudi Nyakach, kwetu, ambako alifinyanga vyungu na kuviuza soko la Pap Onditi. Watoto tulikuwa wawili tu, mimi Ochieng' na dada yangu mdogo, Akinyi. Hatukuwa matajiri, lakini sikuwahi kulala njaa, na hilo nataka ulikumbuke unaponisikiliza.

Nilipomaliza shule nilisikia kuna wafadhili wa nje wanaosomesha vijana. Bwana aliyekuwa akigawa fomu zao alituangalia sisi tuliopanga foleni, akasema, "Yatima ndio wanafikiriwa kwanza." Hakuniambia nidanganye. Alisema hivyo tu, akaendelea kugawa.

Nilijaza fomu yangu posta, kwa ile kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isiibwe. Nilipofika pale wanapouliza habari za wazazi, niliandika marehemu. Mara mbili. Barua ya kuthibitisha niliitunga mwenyewe. Kisha nikarudi nyumbani, nikala omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali aliopika Mama, nikaongezewa.

Jibu lilipokuja kwamba nimekubaliwa, Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Baba alikwenda kwa fundi mmoja Singasinga waliyefahamiana bandarini, akarudi na koti zito, akanivalisha katikati ya joto lile la Kisumu na kunizungusha aone nilivyopendeza. Hawakuuliza nilipata vipi. Waliamini kwamba mtoto wao ana akili.

Mwanangu, uongo huo wa kwanza niliusema kwa tamaa ya kusoma, na labda Mungu huwavumilia vijana. Lakini kulikuwa na wa pili. Miaka mingi baadaye, nikiwa na kazi nzuri, mke na watoto, niliomba uraia wa nchi ile. Fomu ikauliza tena habari za wazazi. Asubuhi ile ile nilikuwa nimezungumza na Mama kwa simu, amenieleza habari za mvua. Nikaandika tena marehemu, nikainua mkono nikaapa. Niliogopa kwamba karatasi mpya ikipingana na ya zamani watanirudisha. Wa kwanza ulikuwa wa kijana. Huu wa pili ulikuwa wa mtu mzima aliyejua anachofanya.

Wazazi wakazeeka. Baba alistaafu wakahamia Nyakach. Akinyi alikuwa ameolewa Port Victoria, akifanya biashara ya samaki, na aliweza kuja kuwaona mara moja tu kwa mwezi. Macho ya Baba yakaanza kufifia. Mama akaanguka kando ya kisima akavunjika mkono, akakaa pale chini hadi mpita njia alipomwona. Nilipokuja likizo Desemba ile nikasimama mbele ya ndugu wote nikasema, "Nawachukua wazazi wangu. Wakae nami, nitawatunza." Watu wakapiga makofi. Baba akalia.

Utaniuliza, je, ulisahau ulichoandika? Sikusahau. Nilijidanganya kwamba karatasi za zamani zimeshaoza kwenye kabati fulani.

Wakaanza safari ya visa. Walitafuta pasipoti wakiwa na miaka sabini na kitu. Walipigwa picha za kifua hospitalini Kisumu. Mashine ya alama za vidole ilikataa vidole vya Mama kwa sababu udongo wa vyungu ulikuwa umevilainisha, na Akinyi alinisimulia jinsi Mama alivyocheka: "Hata mashine inaona nimefanya kazi." Baba aligawa mbuzi wake wote kwa majirani, mmoja mmoja, akisema hatarudi kuwachunga.

Waliitwa Nairobi kwa mahojiano. Akinyi aliwapeleka, na yote yaliyotokea mle ndani nimeyajua kutoka kwake.

Nyuma ya kioo alikuwa ofisa wa kigeni, na kando yake binti mmoja Mjaluo wa kutafsiri. Ofisa alisoma faili, akasoma tena, akasema jambo. Yule binti akamgeukia Mama. Akasema, "Mama, wanasema kuna tatizo kwenye karatasi."

"Tatizo gani?" Mama akauliza.

Ofisa akarudia. Yule binti akainamisha kichwa. "Mama, kwenye faili la mtoto wenu, imeandikwa kwamba wazazi wake walishafariki. Wote wawili. Wanauliza ninyi ni nani."

Baba, ambaye masikio pia yalikuwa yameanza kuchoka, akasema kwa sauti, "Anasema nini? Wamekubali?"

Mama akamuuliza yule binti, "Nani ameandika?"

"Mtoto wenu mwenyewe, Mama. Na ameapa."

Akinyi aliniambia Mama alikusanya karatasi zao pale mbele ya kioo. Kisha akasema, "Kama ni yeye aliyeandika, basi alikuwa na sababu. Mwambie huyu ofisa tunamshukuru kwa muda wake." Akamshika Baba mkono, wakatoka. Baba aliambiwa ukweli wakiwa nje, kando ya ukuta, watu wakipita.

Akinyi alinipigia simu nikiwa kazini. Hakunisalimia. "Ochieng', uliandika nini?" Nikaanza kueleza. Akasema, "Usinieleze mimi. Wapigie wao." Sikuwapigia. Nilikwenda kwa wakili.

Wakili alisema ninaweza kukiri, lakini huenda nikanyang'anywa uraia. Au ninaweza kunyamaza, na wazazi wangu hawatakuja kamwe. Akaongeza, "Na usisafiri mpaka tujue hilo faili linaelekea wapi." Nikachagua kunyamaza. Nilisema ni kwa ajili ya watoto wangu. Ilikuwa kwa ajili yangu.

Mvua ndefu za mwaka uliofuata zilimkuta Baba na homa ya mapafu. Akafariki. Maziko yake niliyatazama kwenye simu, Akinyi akiishika, picha ikirukaruka. Mchungaji alimwita mtoto wa kwanza atupe udongo. Watu wakatazamana. Akajitokeza binamu yangu, akatupa kwa niaba yangu.

Ndipo nikaiandikia idara ya uhamiaji barua ya kukiri kila kitu. Niliitwa, nikahojiwa na mama mmoja mpole, akaniuliza maswali, akaandika, akanikemea, akaniambia nimeonywa na faili limefungwa. Ilichukua asubuhi moja, mwanangu. Jambo nililoliogopa zaidi ya miaka thelathini lilimalizika kabla ya saa sita mchana, na Baba alikuwa ameshazikwa.

Nikarudi nyumbani kumchukua Mama. Nilikuwa na karatasi mpya, zote za kweli. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka akichambua dengu. Nikapiga magoti. Akaniacha nipige magoti hadi miguu ikafa ganzi, naye anaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Wuoda," yaani mwanangu, kama alivyoniita tangu utotoni, "siku ile ulipoandika, ulianza na nani? Mimi au baba yako?"

Sikutegemea swali hilo. Nikasema kweli. "Nilianza na Baba. Fomu iliuliza baba kwanza."

Akaacha kuchambua. "Baba yako aliniuliza hivyo hivyo tulipotoka Nairobi. Njia nzima hakusema jambo lingine. Nikamwambia lazima ulianza na mimi, kwa sababu kumwandika yeye kwanza usingethubutu. Akafurahi kidogo. Akalala."

Nililia, mwanangu, na sioni haya kukwambia. Mama alinisubiri nimalize.

"Kuandika nimekufa si kitu," akasema. "Ulikuwa mtoto, ulitaka kusoma. Ungekuja ukaniambia, ningekucheka na kukusamehe siku hiyo hiyo. Lakini ulijua. Ulijua, ukatuacha tupigwe picha, tutoe vidole, tugawe mbuzi, twende hadi mbele ya mgeni, naye ndiye atuambie. Baba yako aliaibika mbele ya mtu asiyemjua. Hilo ndilo lililomuumiza. Si kufa kwa karatasi."

Nikamwonyesha zile karatasi mpya. Hakuzigusa. "Sasa niende kwa nani? Aliyetaka kwenda ni yeye. Mimi nilikuwa nikimfuata tu."

Hakwenda. Nikabaki mimi. Mke wangu na watoto walikaa kule, tukawa tunaonana mara moja kwa mwaka, na hilo nalo lina maumivu yake ambayo sitayasimulia leo. Nilikaa na Mama miaka minne. Alinipikia, nikamchotea maji, tukazungumza habari za mvua na za watu wa soko. Jina la Baba hakulitaja mbele yangu hata siku moja. Nilingoja alitaje. Akafa hajalitaja.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Sisemi usiende. Nenda, dunia ni pana na una akili. Lakini popote watakapokuuliza wewe ni mtoto wa nani, wataje waliokuzaa walivyo, hata kama ukweli huo utakufanya ukose nafasi. Na kama umeshaandika uongo, usikae ukitumaini karatasi itapotea. Kwanza nenda kwa waliohusika, uwaambie mwenyewe kwa mdomo wako wangali hai, kabla hujaenda kwa wakili na kabla hujamwandikia ofisa yeyote. Watakasirika. Waache wakasirike. Hasira ya mzazi aliye hai unaweza kuivumilia. Mimi natamani hasira ya Baba, na sina pa kuipata.

Haya, inuka. Mungu akupe kalamu isiyokuogopesha baadaye. Akupe kazi na watu wema huko uendako. Na waliokuzaa wafike kwako kwa miguu yao wenyewe, uwafungulie mlango, uwatambulishe kwa majirani kwa majina yao, bila kuona haya.