Damu ya Kulinganishia

Orodha ya kazi zake ina kurasa kumi na tisa. Makala hamsini na nane, sura sita katika vitabu vya wenzake, na mihadhara ambayo mwenyewe alichoka kuihesabu. Ukitaka kuiona, ipo kwenye tovuti ya taasisi mpaka leo, pamoja na picha yake akiwa na tai niliyomfunga mimi, maana alijua kutenganisha seli za damu aina kumi na mbili lakini tai ilimshinda. Orodha ile nimeisoma kuliko mtu yeyote, na nasema bila kupepesa macho: kuanzia ukurasa wa kumi na moja si kweli. Hakumdanganya mtu. Si kweli hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa maabara. Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na minane. Akiwa hayupo tulimwita Bwana Ushahidi, kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza ushahidi uko wapi, na wewe umesimama mbele yake umelowa chapachapa. Akiwepo tulimwita Daktari. Yeye aliniita dada, mkewe nikamwita wifi, na undugu ukaanza hivyo bila mtu kuulizwa.

Watu hupenda kusikia kwamba mtafiti wa ugonjwa wa kusahau alianza kwa ajili ya mama yake au baba yake. Waandishi wa magazeti walimuuliza hilo kila mara, na kila mara aliwavunja moyo. Wazazi wake walizeeka na akili zao timamu, wakagombana mpaka siku za mwisho. Yeye alianza kwa sababu akiwa mwanafunzi aliona kwenye darubini kipande cha ubongo wa mtu aliyekufa akiwa amesahau kila kitu, na pembeni ya seli zilizokufa akaona seli za kinga, askari wa mwili, wamejazana. Akajiuliza hawa wanafanya nini hapa. Swali hilo moja lilimlia miaka thelathini.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Askari wa mwili huja kwenye ubongo kusafisha uchafu, kisha hawajui kuacha, wanaanza kula na vilivyo vizima. Watulize, alisema, na ubongo utapumua. Walimcheka weee, mpaka akapata dawa ya kuwatuliza: sindano moja kila mwezi. Akapewa wagonjwa arobaini ajaribu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupima damu zao. Seli za ubongo zikifa huvujisha protini fulani, nayo huonekana kwenye damu. Ikiwa nyingi, ubongo unakwisha. Ikipungua, kuna matumaini.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tulipojichimbia shimo. Mashine yetu ya zamani haikuweza kutoa namba ya kuaminika peke yake. Kwenye kila sahani ya vipimo ilibidi uweke damu ya mtu mwenye afya kando ya damu za wagonjwa, ndipo useme huyu ni mara tano ya mwenye afya, yule ni mara nne. Hiyo ndiyo damu ya kulinganishia. Mwanzoni tuliichanganya kutoka kwa watu ishirini waliojitolea, na fomu zetu zote ziliandikwa hivyo. Ilipoisha, wale watu walikuwa wamechoka kutobolewa. Waliahidi watakuja, hawakuja. Jumatatu moja sahani ipo tayari, wagonjwa wameshatolewa damu, na wa kulinganisha nao hakuna. Daktari akakunja mkono wa shati.

"Dada, chukua yangu. Hapa ndani nani ana afya kunizidi?"

Kweli hakuwepo. Alikuwa akipanda ngazi mbili mbili hadi ghorofa ya nne huku sisi tunasubiri lifti. Nikamfunga mpira, nikachukua. "Wiki hii tu," akasema. Nikaandika kwenye daftari neno moja, "afya", nikaendelea na kazi. Wenye kufanya kazi maabara hawatashangaa, jambo hili wamelifanya au wamemwona mwenzao akilifanya. Ile wiki moja ikawa miaka tisa. Kila Jumatatu damu mbichi, ikibaki natupa, na fomu haikubadilishwa na mtu.

Namba zikaanza kushuka. Mara tano ikawa mara nne, nne ikawa tatu, mwaka wa saba tukafika mara mbili. Wageni wakaja kutoka mbali kutupiga picha. Kurasa za orodha yake zikaongezeka upesi. Mke wa mgonjwa mmoja, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi, alimwambia Daktari mbele yangu, "Namba zenu zinashuka, lakini mume wangu siku hizi ananiita shangazi." Daktari akamjibu kwa upole kwamba ubongo hupona polepole. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nikikumbuka kile kichwa changu kikitikisika natamani kukigonga ukutani.

Mwaka wa tisa tuliletewa mashine mpya. Hii haikuhitaji damu ya mtu, ilikuja na kipimo chake kutoka kiwandani. Nikapima damu za wagonjwa wote. Zote zilikuwa juu, mara sita au saba ya mwenye afya, juu kuliko siku walipoanza dawa. Nikasema mashine ni mbovu, nikaitukana, nikapima tena. Mara ya tatu nikachukua tone la damu ya Daktari lililobaki asubuhi ile nikaliweka nalo, nijue tu mashine itasemaje kwa mtu mwenye afya. Namba iliyotoka ilikuwa mara tatu ya mwenye afya, nikakaa sakafuni na koti langu jeupe.

Daktari alinikuta pale. Aliinama akasoma.

"Hii ya nani?"

"Yako, Daktari."

Alisimama akihesabu, midomo ikicheza. Nilimjua, alikuwa anarudi nyuma mwaka kwa mwaka. Kisha akasema taratibu, "Basi hawakuwa wanashuka, dada. Mimi ndiye niliyekuwa napanda."

Hakulia, wala hakuutaja ugonjwa wake. Mimi ndiye niliyelia, nikikumbuka zile funguo zilizopotea, kile kikao cha siku moja alichokwenda siku mbili mfululizo, na wanafunzi aliokuwa anawapachika majina ya wenzao wa zamani. Tulikuwa tunacheka na kusema msomi ana mambo mengi kichwani. Alikaa kwenye kiti changu akaniambia kilichomtisha. Awamu ya pili ilikuwa imeshatangazwa, wagonjwa mia tatu walikuwa wanasubiri. Dawa ile inawatuliza askari wa mwili wote, si wa ubongo tu. Wagonjwa wetu watatu walikuwa wamekufa kwa homa ya mapafu, tukaandika uzee.

"Tumewaua bure," akasema. "Lazima nifute kila kitu kabla sijasahau kwa nini."

Tuliandika barua ya kufuta makala zake na kuisimamisha awamu ya pili, kwa wiki tano. Asubuhi alikuwa yule yule, anataka ushahidi wa kila mstari. Kuanzia mchana alianza kuteleza, na aya aliyoiandika jana aliisoma leo kama ya mtu mwingine, akiikosoa. Mkewe alituletea chai, akatazama zile karatasi, akaniita jikoni.

"Wifi, kwa hiyo mnataka nimzike mara mbili? Kwanza jina lake, halafu yeye?"

"Si mimi, wifi. Ni yeye anataka."

"Ungemkatalia."

"Ushawahi kumkatalia wewe?"

Alifuta meza iliyokuwa safi, akaifuta tena. Tangu siku ile hajaniita wifi. Simlaumu.

Barua ilikuwa na kurasa kumi na moja. Tuliipeleka kwa taasisi, na baada ya wiki mbili tukaitwa mbele ya kamati. Walikuwa watu watano kwenye chumba cha mikutano chenye mazulia mapya. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzuri, sitamsingizia. Alisimama akasema, "Shikamoo mwalimu," na Daktari akaitikia marahaba kwa uchangamfu. Kikao kilipangwa asubuhi, niliwaomba iwe hivyo. Walikianza saa nane mchana, eti mmoja wao alikuwa amechelewa ndege.

Hata hivyo alianza vizuri. Aliwaeleza askari wa mwili ni nini, protini ni nini, mpaka nikaanza kupumua. Ndipo mwenyekiti akamsogezea barua.

"Mwalimu, utuwie radhi, hili ni swali la utaratibu tu. Barua hii umeiandika wewe?"

Daktari akavaa miwani. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa saba akachomoa penseli akasahihisha namba moja, nukta ilikuwa imekaa vibaya, na kweli ilikuwa imekaa vibaya. Alipomaliza akazipanga karatasi vizuri.

"Aliyeandika hii ni mtu makini sana," akasema. "Lakini mimi si mwandishi wake. Sijawahi kuiona."

Angeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine yeyote, akiona jina lake pale chini, angesema ndiyo kuficha aibu. Yeye hakuwahi kukiri kitu asichokuwa na ushahidi nacho, na kichwani mwake ushahidi haukuwepo tena.

Nikasimama. Nikasema ameiandika yeye, nilikuwepo, damu ilikuwa yake, mimi ndiye niliyeichukua. Wakafungua daftari langu. Limeandikwa "afya". Wakafungua fomu, zinasema watu ishirini. Wakauliza damu zake za zamani ziko wapi, nikasema tulizitupa. Wakasema mashine mpya bado inarekebishwa. Nikapaza sauti, na sijutii: "Basi mtoboeni sasa hivi mpime!"

Mwenyekiti aliniangalia kwa huruma. "Dada, hiyo itatuonyesha kwamba mwalimu anaumwa. Hilo tunaliona sote."

Uamuzi waliusoma siku ile ile. Barua ni dalili ya ugonjwa, itawekwa faragha kwa heshima yake. Kazi zake zibaki kama zilivyo. Awamu ya pili ianze tarehe iliyopangwa. Baadaye niliyaandikia majarida yote yaliyochapisha makala zake, na yaliyonijibu yalisema yanahitaji barua ya mtafiti mwenyewe.

Nilimtoa Daktari nje nikamkalisha kwenye benchi la korido tusubiri mkewe aje na gari. Nilikuwa nimekufa moyo. Yeye alikuwa na hasira, anatikisa goti. Akatazama huku na huku, akanivuta mkono nisogeze sikio.

"Dada, wale watu humo ndani wanaficha jambo. Ile barua ni sahihi. Nimeipitia yote, ina kosa moja tu, nimelirekebisha."

"Najua, Daktari."

"Huyo aliyeiandika unamfahamu?"

Nikasema namfahamu.

"Basi mtafute leo hii," akasema, akiukaza mkono wangu. "Mwambie arudi aseme mwenyewe, maana hawatamsikiliza mtu mwingine. Mwambie aharakishe, kuna wagonjwa mia tatu."

Nikamwambia nitamtafuta.