Mchezo wa Kuvuka

Juzi nilipita kwenye mashine ya kukoboa hapa Kibiti, nikanusa gunia la mpunga lililoloa. Wenzangu, ile harufu si uvundo tu. Ina utamu fulani wa kuchachuka unaokaa kooni. Nikasahau nilichofuata, nikarudi nyumbani mikono mitupu, moyo mzito.

Ni harufu ya mwaka ule wa mafuriko. Mto ulikuja ghafla, ukatukuta kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti tunavyolala shambani kulinda mpunga. Nilikuwa huko na Shangazi Zubeda, mumewe, na binti yao Mwanaidi. Homa ilikuwa imenishika vibaya, sikumbuki kuvuka. Nilipopata fahamu niliambiwa Baba Mwanaidi amechukuliwa na maji, eti alirudi kufuata mpunga. Nikaamini. Mtoto ataachaje kuamini?

Shangazi akakaa eda kwa babu, kijijini Mtawanya. Mjane wa kwetu hatoki, hajipambi, na maneno yake ni machache. Basi yeye akaanza kututungia michezo. Alichora kwa mkaa juu ya ubao wa kreti, kete zikawa komwe. Jamani, yule mwanamke alikuwa fundi! Tukitoka madrasa tulikimbilia chumbani kwake hata kabla ya kula.

Na tuliipanga kwa ubora, mimi na Mwanaidi, kwa kelele na kufinyana. Wa kwanza ulikuwa Nguruwe: mmoja analinda shamba, mwingine anavamia, na mlinzi akizubaa anabaki na mabua. Hapo sikubali ubishi mpaka leo. Wa pili Ndege, ingawa Mwanaidi aliuweka juu kwa sababu alizoea kunifunga. Mamba ulikuwa wa tatu, mzuri ila mrefu mno. Unaanza na njaa, unamaliza na usingizi.

Wa mwisho kabisa ulikuwa Kuvuka. Komwe tatu zinangoja kwenye dungu, moja ndogo kuliko zote. Ya nne ndiyo mpiga kafi. Mtumbwi unabeba wawili, na kila safari maji yanapanda mstari mmoja. Safari ya mwisho mtumbwi unapinduka, mpiga kafi anapotea. Tuliuchukia. Shangazi hakuuacha. Kila siku alifuta hapa, akachora pale, akabadili nani atangulie, akatuambia, "Jaribuni tena, wanangu. Nataka wavuke wote." Alikuwa hali chakula, amekonda, macho yako ubaoni tu. Nilimsikia mama akimwambia bibi kwamba ubao ule utamtia wazimu.

Siku moja nikapata njia. Nikavusha komwe kubwa mbili, nikamwacha mpiga kafi nchi kavu, nikapiga kelele, "Nimeshinda! Mpiga kafi mzima!"

Shangazi akaangalia kwenye dungu. "Na huyu?"

"Huyo mdogo tu, Shangazi. Hana kazi yoyote."

Mwanaidi akainuka, akatoka nje. Nikadhani ananionea wivu.

"Rudi ukamchukue," Shangazi akasema.

"Nikirudi, mpiga kafi anakufa."

"Najua. Rudi ukamchukue."

Nikarudi kwa hasira, nikashindwa, nikamwambia huu ndio mchezo mbaya kuliko yote aliyotunga. Akasema, "Kweli mwanangu, ni mbaya." Akaufuta kwa ncha ya kanga yake, hakuuchora tena. Jioni ile alikula.

Nilikuwa nimeshapata mtoto wangu mwenyewe, ndipo mama aliponiambia ukweli. Baba Mwanaidi hakurudi kufuata mpunga. Alikuwa ameshamvusha mkewe, ameshamvusha binti yake, naye amesimama nchi kavu. Akarudi kunifuata mimi. Akanifikisha, akanitupa mikononi mwa watu, mtumbwi ukapinduka, mto ukaondoka naye. Shangazi ndiye aliyewakataza wote wasiniambie, hata Mwanaidi, ili nisikue na mzigo ule.

Nililia mpaka mama akanishika. Kumbe muda ule wote Shangazi alikuwa akitafuta namna mumewe angepona, nami nikapona. Haikuwepo. Namna ya kumponya mumewe ilikuwa moja tu, na mimi ndiye niliyemwonyesha kwa mkono wangu, nikishangilia. Naye akaniambia nirudi, nikamchukue mtoto.