Ukuta wa Dirishani Usiguswe kwa Chuma

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa naumwa, nakujibu kabisa: sikuwa naumwa. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, redio ya jirani inasoma salamu za wasikilizaji. Mambo ya usiku wa giza na paka weusi wayasimulie wengine. Mimi yangu yalinikuta mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Na hilo neno naomba ulisikie vizuri: yangu.

Nilianza kuuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nimetandika gunia chini kama wenzangu. Leo dagaa wangu wanapakiwa kwenye malori hadi Kongo. Sijisifu, nakueleza ulivyo ukweli. Na hata kama najisifu, nani aliniamsha alfajiri zote hizo kwenda kugombea mzigo ukingoni mwa ziwa? Kwa hiyo nilipopata nyumba ya zamani katikati ya mji, ya familia ya Kihindi iliyofanya biashara hapa Mwanza vizazi na vizazi, niliinunua. Kuta za mawe, nene. Ukikaa sebuleni unaliona ziwa lote na majabali yake. Siku niliyopewa funguo nilitembea chumba hadi chumba, peku, nikizigusa kuta kama mzee anayekagua ng'ombe wa mahari.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na zile mbao zinazozunguka chini, pale ukuta unapokutana na sakafu. Mafundi wanaziita skatingi. Zilikuwa zimepakwa rangi juu ya rangi mpaka zimevimba. Dada yangu alikuja kutoka Sengerema kuiona nyumba, akazunguka, akasifia weee, kisha akasimama katikati ya sebule na kukunja pua.

"Mdogo wangu, nyumba nzuri. Ila hizi mbao za chini ni za kizamani. Siku hizi watu wanaweka vigae."

Fundi wangu, Masanja, alisema hivyohivyo. Ng'oa zote, weka vigae, kazi imekwisha. Lakini mimi roho ilikuwa haijatulia. Nilikuwa nimekwangua kidogo na kisu, nikaona chini ya rangi mbao ya kahawia iliyoiva, inang'aa kama imepakwa mafuta. Lakini za vyumba vya nyuma, ukibonyeza kwa kidole, kidole kinazama. Mchwa. Nikawaza juma zima: nitoe zote? Niache zote? Mwishowe sofa zangu mpya zikawa njiani, nikamwambia Masanja aje aanze na sebule, na aanzie ukuta wa dirishani, maana hapo ndipo sofa kubwa litakapokaa.

Akaja na nyundo na mtaimbo. Mimi nilikuwa nimetoka kudeki, sakafu bado mbichi. Masanja akavua viatu mlangoni, maana nyumbani kwangu haingii mtu na matope, awe fundi awe mheshimiwa. Akachuchumaa chini ya dirisha, akaanza kutafuta upenyo wa kuingiza ncha ya mtaimbo.

Nikasikia nyuma yangu: "Mwangaluka, mayu."

Salamu ya asubuhi, kwa Kisukuma safi, kile cha wazee. Nikageuka. Mlangoni amesimama bibi wa Kihindi, mfupi, gauni refu jeupe, mtandio wa kijani kichwani. Amevua kandambili zake, ameziweka sawasawa pembeni mwa kizingiti, kama mtu anayejua taratibu za mle ndani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nisikufiche, niliogopa. Unajua mji huu ulivyo. Mtu ananunua nyumba, kesho anatokea ndugu wa mwenye nyumba anasema yeye hakushirikishwa. Nikaona nimkate mapema.

"Bibi, karibu sana. Lakini kama ni habari ya nyumba, mimi nimeshanunua. Hati ninayo."

Akacheka. Alicheka taratibu, kwa furaha, wala si kwa kejeli.

"Najua. Nimekuja tu kuona imepata mtu wa namna gani." Akatazama madirisha, akatazama dari, akatazama sakafu yangu inayong'aa. "Imepata mtu. Imepata mtu hasa."

Niamini, mimi nimesifiwa na wengi, na wengi wao walikuwa wanataka mkopo. Lakini maneno yale ya bibi yaliniingia hadi kwenye mifupa. Nikajiona nimerefuka.

Kisha akaziangalia zile mbao. Akasema, "Za vyumba vya nyuma toa. Zimekwisha, imebaki rangi tu. Hizi za hapa ni mvule, zilivuka ziwa kutoka Nansio, mume wangu akazipokea mwenyewe. Ukizing'oa hutapata nyingine kama hizi."

"Ndivyo nilivyohisi," nikasema, na nilifurahi, maana kumbe jicho langu halikunidanganya.

Hapo ule uso wake ukabadilika. Tabasamu likaondoka. Akanyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Ila ile pale isiguswe kwa chuma. Mwambie huyo baba aweke chuma chini. Mwambie sasa hivi."

"Kuna nini pale, bibi?"

"Pale mimi nililia."

Basi. Nikamgeukia Masanja. Ncha ya mtaimbo ilikuwa tayari imeingia nyuma ya mbao, amekaza mabega avute.

"Masanja, weka chini."

"Mama, mbao ni mbao tu. Nikivuta mara moja imetoka."

"Masanja! Hii nyumba ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi katika nyumba yangu nikisema weka chini, unaweka chini!"

Sauti niliyoitoa ni ile ya Mwaloni, ile inayosimamisha wapakiaji. Masanja akauchomoa mtaimbo polepole, akaulaza sakafuni, akainuka amenuna. Nikageuka nimkaribishe bibi kiti.

Hakuna mtu.

Nikatoka hadi nje. Kandambili hakuna. Mtaa wetu ni wa mteremko, ukisimama mlangoni unaona juu hadi kwenye majabali na chini hadi barabara kubwa. Mzee wa miaka ile hawezi kupotea kwa kufumba na kufumbua. Mama anayekaanga vitumbua pale kwenye kona nikamuuliza, amemwona bibi wa Kihindi? Akaniambia tangu aweke karai motoni hajapita mtu yeyote, labda mbuzi.

Nilirudi ndani. Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu. Jua la saa nne huingia kwa mlango ule, linalala sakafuni kama mkeka. Wakati wote tunaongea, lilikuwa limelala hivyo, limejaa, bila kukatika. Bibi alikuwa amesimama katikati ya mlango. Niambie wewe, kivuli chake kilikuwa wapi?

Nikamuuliza Masanja, "Yule bibi amepita wapi?"

"Bibi gani?"

"Niliyekuwa naongea naye."

Masanja akanitazama kwa huruma. "Mama, wewe ulikuwa unaongea na mlango. Mimi nikadhani una simu, zile za kuvaa masikioni."

Nilimpigia simu fundi umeme. Kwa nini umeme, sijui. Neno chuma lilikuwa linanizunguka kichwani. Akaja na testa yake, bisibisi ile yenye kitaa, akaigusisha kwenye msumari mmoja wa ile mbao ya dirishani. Ikawaka.

Akasema si kitu, atazima swichi kubwa. Akazima. Nyumba nzima ikawa kimya, hata friji. Akarudi, akagusisha tena.

Ikawaka.

Yule kijana alirudi nyuma hadi akagonga ukuta wa pili. Alitueleza kwamba kuna laini ya zamani, imeingia moja kwa moja kutoka kwenye nguzo, imepita nyuma ya mbao, haijui mita wala swichi. Tukamtazama Masanja, miguu peku kwenye sakafu mbichi, na mtaimbo wa chuma tupu mbele yake. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akaanza kulia kama mtoto. Ana mke na mapacha nyumbani.

Watu wa shirika la umeme walipokuja kukata ile laini, mbao ilitolewa taratibu kwa patasi. Nyuma yake kulikuwa na waya uliovikwa kitambaa kilichochanika, na jiwe la ukuta limeungua, jeusi, kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Jioni nilimpigia Karim, aliyeniuzia nyumba. Nilianza kwa ukali: umeniuziaje nyumba yenye mauti ukutani? Akaapa hakujua, wala nyumbani kwao hakuna aliyejua. Kisha akauliza, "Mama, nani alikuonya?"

"Bibi yako. Mfupi, mtandio wa kijani, anaongea Kisukuma kuliko mimi."

Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi tulimzika kabla sijafikiria kuuza nyumba."

Kesho yake alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya lile jiwe jeusi muda mrefu. Akanieleza kwamba babu yake alifia sebuleni pale, chini ya dirisha, akiwa bado kijana, na watoto wote waliambiwa ni moyo. Ila bibi yao, hadi anazeeka, hakuruhusu mtu kugusa ukuta ule, hata kupiga msumari wa kutundika kalenda. Walidhani ni majonzi tu. Mimi nadhani bibi alijua ni umeme uliomuua mumewe; labda aliambiwa waya umekatwa, naye hakuwahi kuamini. Karim aligusa jiwe kwa vidole, akasema, "Kumbe alikuwa anatulinda sisi."

Nikamwambia, "Na sasa analinda watu wangu."

Mbao za nyuma nilizitoa, nikaweka vigae. Za sebuleni Masanja alizikwangua rangi yote kwa mikono yake, akazipaka vanishi, na akakataa katakata kulipwa. Ukiziona utasema zimechongwa jana. Watu wanaweka breki barabarani kuchungulia.

Lakini usidhani yameisha. Dada yangu hajalala kwangu tangu siku hiyo. Anakuja asubuhi, anasifia, na jioni anawahi kivuko cha Kamanga arudi kwake Sengerema. Mchungaji alitaka kuja kuiombea nyumba ili huyo bibi aondoke. Nilimkaribisha chai, lakini hilo nililikataa. Mtu aliyeokoa uhai ndani ya nyumba yangu simfukuzi. Mimi mwenyewe, ikifika saa nne mlango ukiwa wazi, najikuta namwamkia mtu nisiyemwona. Sijawahi kujibiwa. Siachi kuamkia.

Kwa hiyo wewe uliyenunua nyumba ya watu na umeshika mtaimbo mkononi, nisikilize. Hati ni yako, sawa, lakini kuta zina mambo hati haiyajui. Ita fundi umeme kwanza. Na asubuhi moja ikitokea mzee usiyemfahamu anapiga hodi, usimuulize amekuja kudai nini. Muulize ni wapi pasiguswe, na akikuonyesha, tii kabla hujageuka kumtafutia kiti.