Utomvu Kwenye Kanzu ya Mnyapara

Harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi, ule ubichi unaokwaruza koo, hunifurahisha mpaka leo. Wajukuu wangu hudhani napenda ndizi. Mimi namkumbuka Bwana Feruzi.

Alikuwa mnyapara wa Wajerumani, akiwasimamia wanaume wetu waliolazimishwa kuchimba barabara ya kwenda bomani Arusha. Siku moja baba alichelewa kazini kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa anazaa. Bwana Feruzi akamlaza kifudifudi mbele ya watu, akamchapa kiboko mgongoni. Baba alirudi akitembea taratibu kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, akalalia tumbo. Yeyo, ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita mama, alimkanda kwa maji ya moto.

Sasa, Yeyo huyo huyo ndiye aliyelazimishwa kumfulia mnyapara nguo. Kesho yake ikaletwa ile kanzu ya pekee, nyeupe pee, aliyoivaa akiitwa kwa bwana mkubwa. Yeyo aliifua mtoni ikatakata, akaitandaza kwenye nyasi. Kisha akakata kigomba kichanga nyuma ya nyumba, akakikamulia juu ya mgongo wa kanzu, mchirizi baada ya mchirizi. Nilishtuka. Sisi watoto tulifokewa kwa kugusa tu mgomba tukiwa na nguo safi!

"Yeyo, itaharibika!"

"Unaona doa?" akaniuliza.

Kweli sikuliona. Utomvu mbichi ni kama maji tu.

Bwana Feruzi aliipitia kanzu ingali na unyevunyevu, akaivaa, akashika njia. Jua likafanya kazi yake. Kabla hajafika bomani, mgongo wake wote ulikuwa na mistari ya rangi ya kutu, na wanaume barabarani waliinamia majembe yao, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Askari wa bomani, tuliambiwa, hawakujizuia hata kidogo.

Alirudi kwetu akifoka. "Wewe mwanamke, umeifanya nini kanzu yangu?"

"Shikamoo, bwana. Si uliondoka nayo nyeupe? Labda umeegemea mgomba njiani. Lete niifue."

Akaifua kwa maji ya majivu, akiisugua kwa bidii, uso umejaa unyenyekevu. Majivu yakaukoleza utomvu. Mistari ikawa myeusi tii.

Mnyapara akahamishia nguo zake kwa jirani yetu. Zikarudi na madoa. Akazipeleka kwa mama mwingine ng'ambo ya mto. Madoa. Mwishowe alizifua mwenyewe, amechutama kwenye mawe, sisi watoto tukimchungulia kutoka ukingoni.

Wakati ule nilidhani wale mama wengine hawakujua kufua. Nilipoolewa, nikaanza kwenda mtoni na wanawake wenzangu, ndipo nilipojua mtoni huwa panazungumzwa nini. Kila mmoja wa wale mama waliomfulia alikuwa na mwanamume aliyerudi kutoka barabara ile akilalia tumbo. Hakuna hata mmoja aliyejuta, wala mimi sijajuta kwa niaba yao.