Posa ya Scolastica

Tangu baba yao afariki, Danstan ndiye mwenye nyumba pale Bukiriro, na posa ya dada yake Scolastica ilikuwa yake kuijibu. Lakini ana pikipiki, na mwenye pikipiki nani amwache akae! Siku ya posa, wageni hawajamaliza kusalimiana, baba mdogo Matiasi akamtuma soda. Akaleta. Akamtuma barafu kule mjini Benaco. Akaleta. Kisha ikakumbukwa pombe ya ndizi.

Aliporudi na dumu, vumbi hadi kwenye kope, alipokewa na vigelegele. Posa ya Scolastica ilikwisha kujibiwa, na kiti chake Danstan kimekaliwa na jirani.

“Baba mdogo, mbona hamkunisubiri?”

“Tukusubiri mpaka lini,” Matiasi akamjibu, “na wewe kutwa uko barabarani?”