Saa ya Wanawake

Kocha wetu alipewa timu ya wanawake kama adhabu. Wafilipino wa Toronto wanapenda mpira wa kikapu kama sisi Watanzania tunavyopenda vikao, na yeye, Mfilipino mwenzao, alimwambia mwenyekiti wa ligi yao, mwenye kitambi, mbele ya watu, kwamba tumbo halikabi. Wiki iliyofuata akaondolewa timu ya wanaume, akakabidhiwa sisi: wauguzi, yaya, na mimi mgeni wao, niliyekuwa nafua mashuka ya hoteli pamoja na kocha kule Rexdale. Mimi alinichukua kwa urefu. Nilipomwambia sijawahi kuushika mpira, alisema, "Wewe simama tu, Dada. Wataogopa wenyewe."

Adhabu hiyo aliitumikia mpaka kufa. Alitufundisha kukaba, kutoa pasi, na kuacha kuombana radhi kila tulipogongana. Hili la mwisho lilimchosha kuliko yote.

Tulikuwa na saa moja tu kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi jioni, na timu ya wanaume wakongwe ilikuwa inaimezea mate. Kanuni ya ligi ni kwamba timu isipofika na wachezaji watano, saa yake inakwenda kwa wanaosubiri. Nahodha wa wakongwe ni huyo huyo mwenyekiti. Kwa hiyo kocha alikuja kuhakikisha tumetimia hata alipokuwa mgonjwa, akakaa na koti lake la baridi, akipuliza filimbi isiyosikika.

Alipofariki, tulimuaga kanisani siku ya Jumamosi. Mwenyekiti alihutubia kuliko padri. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya mpira wa wanawake, na kwamba yeye ndiye aliyekiona kipaji chake na kumpa timu. Mechi zetu hajawahi kuja hata moja. Nililia, ila siwezi kudanganya, machozi mengine yalikuwa ya hasira.

Wafilipino wakitoka msibani hawaendi nyumbani moja kwa moja. Lazima wapite mahali kwanza, ili marehemu asiwafuate. Kwetu msibani hutoki. Unalala hapo hapo mkekani, na anayewahi kuondoka anasemwa. Basi ibada ilipokwisha nilibaki nimekaa, nikingoja watandike. Mfagiaji alikuwa amefika miguuni pangu wakati muuguzi mmoja wa timu yetu aliporudi kunitafuta.

"Unangoja nini?"

"Matanga."

"Inuka. Ukienda nyumbani sasa hivi atakufuata."

"Anifuate tu. Nafasi ipo."

"Wakongwe wanapitia ukumbini. Wana raba kwenye gari. Na sisi tuko wanne, wengine wamewahi zamu."

Niliinuka.

Tuliwakuta wamevaa suti na raba, wanapasha misuli. Wenzetu watatu walikuwa wamesimama katikati ya uwanja na magauni meusi, mikono kiunoni. Mwenyekiti alitupokea kwa sauti ile ile ya kanisani.

"Dada zangu, leo ni siku ya majonzi. Kucheza si heshima."

"Na hizo raba ni za kusalia?" muuguzi akamuuliza.

"Sisi tumepita tu, kwa desturi."

"Na sisi tumepita."

"Lakini kocha hamna. Timu bila kocha ni nini?"

"Kanuni inasema watano. Hesabu."

Alituhesabu. Alipofika kwangu alinitazama juu mpaka chini, nikasimama tu kama nilivyofundishwa. Kisha akawaambia wenzake wakakae pembeni, maana hawakuweza kwenda nyumbani hivi hivi.

Tukavua viatu tukacheza peku, saa nzima. Tulicheza vibaya sana. Nilitupa mpira mikononi mwa hewa, nikamkanyaga yaya, nikamwomba radhi, naye akaniomba radhi, tukasimama pale tukiombana radhi mpaka mpira ukatoka nje. Hakuna aliyetugombeza. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa.