Miwani ya Kuona Ndani ya Kawa

Wamarekani walikuwa wanauza sisimizi kwa posta. Msinicheke, nimeliona kwa macho yangu, kwenye kurasa za nyuma za vitabu vya katuni ambavyo marehemu baba alikuwa akipewa na mabaharia bandarini Tanga. Unakata kuponi, unatuma pesa, unaletewa sisimizi ndani ya kisanduku cha kioo ukae uwatazame wakichimba. Bibi yetu, aliyekuwa akiwamwagia sisimizi mafuta ya taa kila akiwaona, alipoelezwa jambo hilo aliuliza kama hao watu wana wazazi. Kulikuwa pia na unga wa kuwashia watu. Upupu! Upupu ule ule uliojaa nyuma ya choo chetu, wao wanaulipia dola.

Watu wazima wenzangu wakikumbuka katuni hukumbuka mashujaa. Mimi shujaa simkumbuki hata mmoja, wote walikuwa wamevaa chupi juu ya suruali na wote walikuwa na haraka. Ninachokumbuka ni matangazo. Mwanamume mwenye kifua kama kabati, anakuahidi nawe utakuwa hivyo kwa wiki saba. Familia ya vidudu vya majini, baba kavaa taji, mama kavaa taji, wanaishi kwenye glasi ya maji na wanakutabasamia. Na lile la miwani.

Aliyekuwa akitutafsiria ni kaka yangu mkubwa. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la sita, yaani hakikuwapo, lakini hilo halikumzuia. Alikuwa akipitisha kidole chini ya mistari na kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Ona mifupa ya mkono wako mwenyewe! Ona ndani ya ukuta! Ona ndani ya nguo! Washangaze jirani zako!" Alilisoma mara nyingi mpaka na mimi nikalikariri.

Tukaamua kuagiza. Sasa, sisi tulifundishwa shuleni kwamba barua haianzi na shida, ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tukaiandikia ile kampuni ya Amerika kwa Kiswahili safi: natumaini u mzima wa afya, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yetu. Tukawajulia hali wazazi wao. Tukawaeleza mvua za mwaka ule. Tukawasalimia kwa niaba ya bibi na ya mbuzi wetu aliyezaa pacha. Karatasi ikaisha pande zote mbili, tukaitia kwenye bahasha pamoja na noti ya shilingi kumi, tukapeleka posta tumefurahi. Ilikuwa siku ya tatu ndipo kaka aliponiamsha, macho yamemtoka. Neno miwani hatukuliandika popote.

Wengine wangekata tamaa. Yeye alitafuta waya, akakunja fremu, akabandika karatasi nyekundu za pipi, akawatangazia watu wa uwanjani kwetu kwamba mzigo umefika. Jamani! Dada wa nyumba ya pili aliacha kupita mbele ya baraza yetu. Mwalimu wa madrasa, kila akimwona kaka, alikuwa yeye anakunja kanzu yake mapajani na kugeukia ukutani. Bibi akaanza kujifunga kanga tatu, huku akimtukana: "Mume wangu huyu hana haya!" Maana bibi na mjukuu kwetu ni watani, na yeye kaka alikuwa mume wake tangu azaliwe.

Wiki mbili kaka aliona kila kitu. Ukimuuliza chochote, jibu lake ni moja: "Naona." Mpaka adhuhuri moja bibi akaweka sinia uwanjani, juu yake kawa, kile kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili, akamwita mbele ya watu wote.

"Haya, mume wangu. Nimekupikia nini leo?"

Kaka akavaa miwani. Akainama, akaguna kama daktari. "Naona samaki wa nazi, bibi. Wawili."

Bibi akafunua. Chini ya kawa kulikuwa na ndala yake ya kuendea chooni, ya mguu wa kushoto. Uwanja mzima ulikaa chini kwa kucheka. Kwa mwaka mzima hakuna aliyemwita kaka kwa jina lake, alikuwa Ndala tu.

Nayaleta haya kwa sababu ya simu niliyopigiwa na wifi yangu, mke wa kaka, Ijumaa moja mwaka huu. Sisi sote tuko Durban, Afrika Kusini, miaka mingi sasa. Mimi nashona nguo, nakaa ghorofa moja kuukuu la mtaa wa Point. Wao wanakaa Bluff, ng'ambo ya mlango wa bandari, karibu kiasi cha kupigiana mluzi, ila kwa gari lazima uizunguke bandari nzima.

"Wifi," akasema, "nduguyo ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Jumatatu ni siku yake ya kupimwa hospitali ya serikali ili apasuliwe. Tumengoja mwaka mzima. Leo anasema haendi. Asipokwenda wanamrudisha mwisho wa foleni."

"Kisa?"

"Anasema anaona. Anaona! Juzi katia chumvi kwenye chai akainywa yote ili asiumbuke. Jana kaisalimia nguzo ya umeme kwa Kizulu, sawubona baba, na akangoja ijibu. Na Jumatano, wifi, kapita robot nyekundu, na mjukuu wangu yumo ndani ya gari."

Huku robot ndiyo taa ya barabarani. Nilikasirika nikamtukana kaka matusi ambayo bibi ndiye aliyenifundisha. Halafu nikakaa kitandani nikaogopa. Yule mtoto ana miaka sita.

Kesho yake nilikuwa soko la Warwick Junction kununua zipu. Pale iko meza moja ya vitabu vilivyotumika, ya kijana Mkongomani. Nilisimama tu kupumzisha miguu, nikaona juu ya rundo kifua kama kabati.

"Mama, iko mingine ndani ya carton," akasema kijana. "Ila hii ni ya zamani sana, nani atasoma?"

"Mimi ndiye wa zamani mwenyewe," nikamwambia, nikachuchumaa pale chini kati ya wachukuzi na mikokoteni yao nikapekua. Walikuwapo wote. Sisimizi, taji, upupu. Na miwani, ukurasa wa mwisho, yule bwana akiutazama mkono wake mwenyewe kwa mshangao. Nilicheka peke yangu, kisha machozi yakanijia kwa ajili ya ile barua yetu ya salamu. Sijui walioipokea walifikiria nini. Natumaini mtu aliwafikishia wazazi wao salamu zetu. Nikanunua kile kitabu kimoja, na njia nzima ya kurudi Point nilikuwa nawaza.

Jumapili nikaenda Bluff.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, fundi. Umenenepa." Alikuwa akiitazama kabati ya vyombo.

Nikampa kitabu mkononi. Akakishika, akakinusa, uso wote ukabadilika. "Weee! Umekitoa wapi? Lipo lile letu? La miwani?"

"Lipo. Nisomee, mimi miwani yangu nimeisahau nyumbani." Nikakifungua, nikakiweka mezani mbele yake.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Kaka akakohoa. Akaweka kidole kwenye karatasi, akaanza kukipitisha kushoto kwenda kulia, kwa sauti ile ile ya redio, na hakukosea hata neno: "Ona mifupa ya mkono wako mwenyewe! Ona ndani ya ukuta! Ona ndani ya nguo! Washangaze jirani zako!"

Akainua kichwa, anangoja sifa.

Nilikuwa nimekuja tayari kumcheka. Nilijipanga tangu jana, na maneno yenyewe ninayo. Yakakauka mdomoni.

"Kaka," nikasema, "hapo ulipoweka kidole ni sisimizi. Nimekufungulia ukurasa wa sisimizi."

Wifi akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Kaka akakaa na kidole pale pale, juu ya tumbo la malkia wa sisimizi.

"Mshenzi wewe," akasema mwishowe, taratibu. "Bibi mtupu."

"Na funguo za gari nipe."

"Wewe unadhani naogopa kisu?" Sasa alikuwa amekasirika. "Mimi bado naona mwanga. Asubuhi yule mtoto akisimama mlangoni nakiona kivuli chake na mabegi yake, sura siioni, lakini najua ni yeye. Kisu kikikosea, hata hicho kivuli sinacho. Hicho mtanirudishia nyie?"

Nilitaka kumwambia daktari hakosei, na mimi daktari simjui. Nikamwambia ukweli mwingine: "Jumatano ungemuua huyo mtoto, kaka."

Akainamisha kichwa. Baadaye akatoa funguo mfukoni, akazisukuma mezani kwa upande ambao mimi sikuwapo, zikaanguka. Wifi akaziokota akazitia kifuani, mahali ambapo miwani yoyote isingefika.

Jumatatu tukakaa kwenye benchi la hospitali kuanzia alfajiri, na niliendelea kuwa na wasiwasi, kwa sababu namjua. Foleni ilipokaribia mlango akaniinamia sikioni.

"Ule ubao wao wa herufi. Ya juu kabisa ni ipi?"

"Sijui."

"Na ya pili?"

"Nyamaza, mzee."

Akaitwa. Nikamshika kiwiko nikamsimamisha mstarini. Nesi, dada wa Kizulu mwenye sauti ya upole, akagonga kwa fimbo ile herufi kubwa ya juu, kubwa kama sufuria, akamuuliza kwa Kiingereza: baba, unaona nini hapa?

Kaka akanyoosha shingo. Akaguna kama daktari. Nikafumba macho, nikajua sasa ataanza mambo yake.

"Ndala," akasema, kwa Kiswahili.

Nesi akanigeukia mimi, nami nilikuwa nimejishika tumbo kwa kicheko, siwezi kumjibu. Akagonga tena ubao, akauliza tena, polepole zaidi. Kaka akatafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata, akaukamata kwa nguvu.

"Sioni, sista," akamwambia. "Sioni kitu."